Hesabu za duka la mama: int, float au Decimal?

KijanaWaHimbi (Goma)

Jambo ndugu zangu. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze Python, lugha ya kuandikia programu. Namwandikia mama programu ndogo ya duka lake la Birere: biskuti, sabuni, mafuta ya kupikia. Mzigo anaununua kwa dola, anauza kwa franga, na wateja wengine wanalipa nusu hivi nusu vile, mnajua wenyewe. Kwa mfano tu, tuseme dola moja ni franga 2,800.

Jana nimeingiza katoni ya dola 4.35, nikataka kuigeuza iwe senti:

`int(4.35 * 100)`

Jibu: 434. Nimerudia mara tatu, 434. Mama alikuwa nyuma yangu, akaangalia skrini akasema, "Kumbe hata mashini inaiba?"

Nimesoma kwamba kuna int (namba kamili), kuna float (namba yenye nukta), kuna na Decimal (namba yenye nukta inayohesabiwa kwa makumi kama kwenye karatasi). Kwa pesa mnatumia ipi, na kwa nini?

---

KodiKadutu (Bukavu)

Mashini haijaiba, wewe ndiye umeituma ikate.

Float inahifadhiwa kwa vipande vya nusu: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, hivyo hivyo kushuka. 0.5 inaingia sawasawa, 0.25 pia. Lakini 4.35 hakuna mkusanyiko wa vipande hivyo unaoifikia kamili, kama wewe kwenye karatasi unavyoshindwa kumaliza 1 kugawa kwa 3. Kwa hiyo kompyuta inashika namba iliyo jirani kabisa. Andika `4.35 * 100` peke yake uone: 434.99999999999994. Halafu `int()` haisogezi kwenda namba ya karibu, inafyeka kila kilicho nyuma ya nukta. Ndiyo hiyo 434 yako. Ungeandika `round(4.35 * 100)` ungepata 435.

Ila usijenge duka juu ya `round`. Weka senti kama int tangu mwanzo: katoni ni 435, si 4.35. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa int hakupotezi kitu. Nukta uiweke tu wakati wa kuonyesha bei. Kwa franga ndiyo rahisi zaidi, nani leo anashika nusu franga mkononi?

Kitu kimoja: kugawa. Katika Python 3, `7 / 2` ni 3.5, float imeingia tena kupitia mlango wa nyuma. Ukitaka int ibaki int, andika `7 // 2`, unapata 3. Na ukiwa na deni, angalia: `-7 // 2` ni -4, si -3, kwa sababu Python inashuka kwenda chini daima. Java na C, lugha nyingine za programu, zinakata kuelekea sifuri, huko ni -3.

---

FundiKatuba (Lubumbashi)

Kodi, umesema vizuri, ila watu wasitoke hapa wakidhani float ni mbaya. Mimi kazi yangu ni programu za mizani, malori ya madini. Lori likipanda linaonyesha tani 41.36, tunazidisha kwa asilimia ya shaba iliyotoka maabara. Mizani yenyewe inaweza kukosea kilo kadhaa, tope la kwenye matairi nalo linapimwa. Float ya biti 64 (yaani nafasi 64 za 0 au 1) inabeba tarakimu 15 hivi za kuaminika. Kosa lake ni dogo kuliko vumbi juu ya lori! Decimal pale ni kujichosha.

Kinachopimwa, float. Kinachohesabiwa kimoja kimoja, int. Mafuta mama akiyapima kwa lita, float haina shida.

Usilinganishe tu float mbili kwa `==`. `0.1 + 0.2 == 0.3` inatoa False. Tumia `math.isclose`, inayouliza kama ziko karibu vya kutosha. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa ajili ya hiyo, lori limesimama getini na dereva anapiga honi.

---

MwalimuIbanda (Bukavu)

Nafundisha mwaka wa kwanza, na mimi niko upande wa Decimal pale asilimia inapoingia. TVA yetu, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%. Ukiizidisha kwa senti utapata vipande, na ni lazima mtu aamue vinakwenda juu au chini. Decimal inakuruhusu kuchagua hilo waziwazi. `round` ya kawaida ya Python ina tabia yake: `round(2.5)` inatoa 2, kwa sababu ikiwa katikati kabisa inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kila mwaka darasa linabishana nami juu ya hiyo.

Lakini Decimal ilishwe maandishi. `Decimal("4.35")` ni sawa. `Decimal(4.35)` bila alama za kunukuu inapokea float iliyokwisha kuharibika, inakuonyesha 4.3499999 na mkia mrefu. Na ukizidisha Decimal kwa float, Python inakataa kabisa. Mimi nafurahi inapokataa.

Makosa mengi ninayosahihisha wala si ya aina ya namba, ni ya mpangilio wa hesabu. Mwanafunzi anatafuta kodi ya bidhaa ya 50,000 pamoja na usafiri wa 4,000. Anaandika:

`50000 + 4000 * 16 / 100`

Kuzidisha na kugawa kunatangulia kujumlisha, kwa hiyo anapata 50,640. Alichotaka ni `(50000 + 4000) * 16 / 100`, yaani 8,640. Mwenzake, kwenye Java, ameweka mabano kila mahali:

`(50000 + 4000) * (16 / 100)`

Jibu: 0. Int kugawa kwa int ni int, 16 kugawa kwa 100 ni sifuri, na sifuri inameza yote. Zidisha kwanza, gawa mwisho. Nilimwambia, wewe wafanyabiashara watakuajiri kesho.

---

DadaNdosho (Goma)

Mnajadili mkia wa namba, mimi nauliza namba inaingiaje! Shuleni sisi tumefundishwa koma ndiyo inayotenga desimali, na nukta inatenga maelfu. Hata hapa juu mmeandika 2,800. Mama wa Birere akisoma haraka ataona mbili na nane.

Niliandikia daftari la madeni shangazi yangu. Akiingiza 12,50, `float("12,50")` inagoma, programu inasimama. Alilalamika, nikarekebisha. Hiyo haikuniumiza. Iliyoniumiza ni siku aliyoandika 1.500, akimaanisha elfu moja mia tano. Python haikusema neno. Ikahifadhi 1.5. Tuligundua mwisho wa mwezi, wadaiwa wanne wamekuwa matajiri.

Kwa franga sasa nafuta nukta, koma na nafasi zote, kinachobaki ndiyo int. Kwa dola nimeweka visanduku viwili, dola huku, senti huku. Si kizuri kutazama, ila shangazi hakosei tena.

---

MzeeWaKenya (Lubumbashi, komini Kenya, si ile nchi)

Watoto, mnasema int haipotezi kitu. Katika Python kweli, int yake inakua mpaka kumbukumbu ya mashini iishe. Nendeni Java mwone.

Kabla ya franga ya leo pesa yetu ilikuwa zaire, na mwaka 1992 tulikuwa na noti ya zaire 5,000,000. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Sasa andika kwenye Java uone franga moja ni zaire ngapi za zamani:

`long z = 3000000 * 100000;`

Jibu sahihi ni bilioni 300. Java inakupa -647710720. Ndiyo, hasi! Int yake inaishia 2,147,483,647. Umeweka sanduku kubwa la long upande wa kushoto, lakini hesabu ya kulia imefanywa na int mbili kabla ya kufika sandukuni. Andika `3000000L * 100000` itakaa.

Kufurika hivi si mchezo. Tarehe 4/6/1996 roketi Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, na programu yake ikajaribu kugeuza float ya biti 64 iwe int ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Namba haikuenea. Roketi ililipuka hata dakika haijaisha.

---

KodiKadutu (Bukavu)

Papa, na JavaScript? Namba zake za kawaida zote ni float za biti 64, namba kamili zinaaminika mpaka 9,007,199,254,740,991 tu. Zaire zako zingeenea bado.

---

KijanaWaHimbi (Goma)

Aksanti sana wote. Nimefuata int kwa senti na franga, visanduku viwili vya Dada, na float nimeiachia mafuta tu. Decimal nitaijaribu siku mama atakapoanza kutoa fakture zenye TVA. Mwalimu, usinikasirikie.

Chenji nimeiandika hivi. Mteja anatoa dola 5 kwa katoni ya 4.35, zinabaki senti 65. Senti za dola hazipo huku, tunarudisha kwa franga:

`chenji = 65 * 2800 // 100`

Inatoa 1820. Nimezidisha kwanza, nikagawa mwisho. Halafu `chenji // 100 * 100` inanipa 1800 za kutoa kwa noti, na `chenji % 100` inanipa 20 zilizobaki.

Mama anasema hizo 20 huwa anatoa pipi. Pipi bado sijaziingiza kwenye programu.