Naomba ushauri: kuku 300 wa nyama wamefika siku 38, mnunuzi hapokei simu

Habari zenu wakuu. Nafuga broila huku Chanika, hii ni bachi yangu ya tatu. Jamaa mwenye bucha ya kuku tulikubaliana kwa mdomo atachukua wote wakifika siku 35, leo ni siku ya 38 na simu inaita tu. Kinachoniumiza ni chakula jamani, kuku 300 wa umri huu wanamaliza mfuko wa kilo 50 wa finisha (chakula cha kumalizia kukuza) kwa siku na asubuhi nakuta vilishio vimeng'aa, wengine wameshakuwa wazito mpaka wanakaa tu kwenye maranda hawataki kutembea, na joto hili la Dar naogopa wataanza kudondoka.

Kuna dalali kaja jana kaona shida yangu, kanipa bei ambayo hata hela ya vifaranga na chakula hairudi. Nimewaza niwapeleke soko la kuku la Shekilango mwenyewe, au nichinje nusu nikodi friza nimuuzie mama ntilie mmoja mmoja. Aliyewahi kufanya hivyo anisaidie, usafiri wa usiku wanakufa wangapi? Na bachi ijayo nidai advansi ya asilimia ngapi bila kumkimbiza mteja?