MX-5 ya 1992: shokapu na bushi zimechoka, nianzie wapi bila kumaliza akiba?

Chuma_Kuukuu

Habari zenu wakuu.

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1992, injini ya 1.6. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyeitunza vizuri sana upande wa injini. Oili, mkanda wa taimingi, rejeta, vyote ameviandika kwenye daftari kwa mkono wake. Chini ndiko hakukuguswa. Nimelala chini na tochi, shokapu zote nne ni zile ilizotoka nazo kiwandani, zaidi ya miaka 30 sasa.

Nikipita kwenye tuta, hata polepole, mbele inapiga "ko!" moja kavu, kama mtu kagonga chesisi kwa nyundo. Nikiingia kona yenye mawimbi, nyuma inanesa mara mbili tatu ndipo itulie, na nikiwa na mwendo inabidi niushike usukani upya katikati ya kona. Nyuma kushoto kuna mlio wa mpira mkavu, asubuhi unasikika zaidi kuliko jioni. Shokapu ya mbele kulia imelowa oili hadi kwenye kikalio cha springi.

Nimepeleka gereji mbili. Ya kwanza wanataka kung'oa kila kitu: mikono yote minane (vyuma vinavyounganisha tairi na chesisi) mipya, shokapu, springi, mpaka habu. Hesabu yake inakaribia bei niliyonunulia gari. Ya pili wamesema nifunge koilova (shokapu na springi za seti moja, zinazoweza kushusha gari) za bei rahisi, nilishushe, basi. Mtandaoni nimeiona seti kamili ya koilova ambayo ni nafuu kuliko shokapu nne za kawaida zenye jina, na hapo ndipo niliposita.

Silitaki gari la mashindano. Nataka liende kama lilivyokuwa likienda jipya. Nina spana, jeki moja, stendi nne na Jumamosi zangu. Nianzie wapi?

MtuWaSpana

Mkuu, hongera kwa chombo. Ninayo ya 1994, na kazi hii niliifanya mwenyewe wikiendi nne mfululizo, kwa hiyo nitakueleza nilivyopita, pamoja na pale nilipoharibu.

Kwanza usinunue chochote. Soma tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2314, ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2014. Tairi iliyokauka hurusha gari na hupoteza mshiko kwenye kona, na watu hubadilisha shokapu nzima wakidhani ndizo. Gari hili ni jepesi, karibu tani moja tu, halina uzito wa kuficha tairi mbovu.

Sasa hiyo "ko!" yako. Kizazi hiki cha kwanza kina nafasi ndogo sana ya shokapu kushuka. Kwenye fimbo ya shokapu, chini ya mauntingi, kuna raba ndefu ya povu, ile ya kugongea, na walivyolitengeneza gari huifikia mapema kwenye kila shimo. Ile raba ni sehemu ya springi, si ya dharura. Baada ya miaka mingi huoza. Nilipofungua yangu ya mbele kushoto, kifuko cha vumbi kilikuwa kimejaa vipande vilivyosagika nilipovishika kwa vidole, na kwenye fimbo hapakubaki kitu. Maana yake kila tuta nililopita, chuma kilikuwa kinakutana na chuma. Nina hakika yako iko hivyohivyo. Ukitaka kuthibitisha, kunja kifuko cha vumbi juu, funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, uisogeze mpaka chini, kisha endesha njia yako ya kila siku. Ukirudi ukaikuta imesukumwa juu kabisa, umepata jibu.

Ndiyo maana hizo koilova za bei rahisi nakuomba uziache. Gari ambalo tayari halina nafasi ya kushuka, ukilishusha unalinyang'anya hata kile kidogo. Juu ya hapo, mafuta na sili zilizo ndani ya shokapu za namna hiyo hazidumu, na vipuri vya kuzikarabati huvipati. Ukiwa na fedha ya kutosha seti moja, nunua shokapu za kiwango cha kiwandani. Kampuni ya KYB wanazo za kawaida zinazofunga moja kwa moja. Shokapu za njano za kampuni ya Koni zinakuruhusu kurekebisha ugumu wa kurudi. Za Bilstein ni za gesi na zinaweza kufunguliwa na kujazwa upya, kwa hiyo hata zikichoka si takataka. Kwa ulivyoeleza, mimi ningechukua KYB na raba mpya za kugongea, pesa inayobaki iende kwenye bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono.

Springi zako usibadilishe. Zioshe, zikague koili ya mwisho juu na chini kama imepasuka au kuliwa na kutu. Kama ziko sawa, rudisha. Hapo umeokoa fungu zima.

Kabla ya kugusa bushi, tafuta mlio uko wapi hasa. Fungua linki (vifimbo vifupi) za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, za mbele, zote mbili, ifunge stabilaiza isicheze, zunguka mtaani polepole. Mgongano mdogomdogo ukipotea, ni linki, na linki ni kitu cha bei ndogo. Halafu inua gari, liweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini uitikise huku mwenzako akitazama boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono. Boljointi ya chini ya mbele hufungwa kwa boliti, inabadilishwa peke yake. Ya juu imo kwenye mkono wenyewe, ikiisha unatafuta mkono. Bushi zijaribu kwa mtaimbo: ingiza kati ya mkono na chesisi, sukuma taratibu. Mpira mzima unakurudishia mkono wako. Uliokufa unaenda tu, na utaona ufa ukifunguka kama mdomo. Andika kila moja kwenye karatasi. Zangu zilikuwa tano mbovu kati ya zote, na gereji walikuwa wameshaniambia nibadilishe zote.

Palipo na ubunifu wa kuokoa pesa ni hapa: bushi za mpira zinaingia kwa presi, na presi hauna. Ng'oa mikono mwenyewe, isafishe, ipeleke mikono peke yake kwa mwenye presi. Unalipia saa moja ya presi badala ya siku mbili za gereji.

Na sasa kosa langu. Nilifunga bushi mpya, nikakaza boliti zote gari likiwa juu ya stendi, mikono inaning'inia. Nikaona nimemaliza. Bushi ya mpira ya aina hii haizunguki. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na mkono ukipanda mpira ndio unaojipinda. Ukikaza ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unakuwa umepindwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Zangu mbili za nyuma zilichanika kabla mwaka haujaisha. Nilizitoa nikakuta mpasuko umezunguka bomba la ndani, msafi kama umekatwa kwa wembe. Ile kazi nikairudia yote.

Kwa hiyo kabla hujainua gari, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, andika. Wakati wa kukaza, shokapu ikiwa bado nje, pandisha mkono kwa jeki mpaka kipimo kirudi kilekile, ndipo ukaze. Springi ikiwa haipo, mkono unapanda kirahisi. Ukijaribu springi ikiwa ndani, utaliinua gari litoke kwenye stendi, na wewe uko chini.

Gia_ya_Tano

Naongezea kidogo, na hapa sikubaliani na MtuWaSpana. Kwangu nilitumia bushi za poliyurethani (poli, aina ya plastiki ngumu) badala ya mpira. Zinaingia kwa mkono au kwa vaisi, presi huihitaji, isipokuwa kuitoa ile ya zamani. Na kwa kuwa zinazunguka kwenye bomba lake, lile kosa la kukaza mikono ikining'inia halikuumizi. Kwa mtu anayefanya nyumbani hiyo ni faida kubwa.

Ila usizipake grisi yoyote tu. Tumia ile inayokuja nazo, na uwe tayari kuzifungua na kuzipaka tena zikianza kulia. Zangu za nyuma zililia baada ya msimu wa mvua.

MtuWaSpana

Kweli mkuu, ni njia nzuri kwa asiye na presi karibu. Mimi nimebaki na mpira kwa sababu aliyeuliza anataka gari liende kama lilivyotoka, na mpira unameza mtetemo ambao poli inaupitisha mpaka kwenye kiti. Kama ni kuchanganya, mpira nyuma na poli mbele nimewaona watu wakifurahi nayo.

BiUsukani

Salamu wote. Kazi yangu ni alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, na magari haya nayapenda, kwa hiyo naomba nimwambie Chuma_Kuukuu mambo ambayo wateja wangu hunijia nayo wakiwa wamechelewa.

Gari lako lina boliti nane za ekisentriki (ukizizungusha zinasogeza mkono kidogo), mbili kwenye kila mkono wa chini. Hizo ndizo zinazorekebisha mlalo wa tairi, yaani inavyoegemea ndani au nje, na, kwa nyuma, mwelekeo wake pia. Kwenye gari la umri huo huwa zimeshikana kutu na bomba la ndani la bushi. Nati itafunguka, utafurahi, kisha boliti haitazunguka. Anza leo: puliza mafuta ya kulegezea kutu pande zote mbili, rudia kila jioni kwa wiki nzima. Kabla ya kulegeza weka alama ya patasi kwenye washa na kwenye chesisi, ili uweze kurudi ulipokuwa na gari liendeke mpaka kwangu. Isipokubali, usiipige nyundo nchani, utaharibu uzi na bado itabaki pale. Kata kwa msumeno pande zote mbili za bushi, na uwe na boliti mpya mkononi kabla hujaanza kukata. Gari likija kwangu na boliti zilizoshikana, nalipima, nampa mwenyewe karatasi, na hakuna ninachoweza kurekebisha. Pesa yake imepotea.

Ukifunga mpya, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye shina la boliti, ndani ya bomba. Wa baada yako atakushukuru.

La pili, springi. Kibanio cha springi tumia viwili, vikae pande zinazotazamana, ukaze huku kidogo na kule kidogo. Usisimame usawa wa ncha ya shokapu. Na ile nati ya juu ikizunguka pamoja na fimbo, usishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye ile kromu unapita kwenye sili kila unapoendesha, na shokapu mpya inaanza kuvuja. Ncha ya fimbo ina sehemu ya kushikia kwa spana, tumia hiyo.

Ukija kupima, lete mafuta nusu tenki, na ukae kwenye kiti. Gari jepesi namna hii, uzito wa dereva unabadilisha vipimo. Mwombe fundi mlalo wa nyuma uwe hasi (juu ya tairi ikiegemea ndani) kidogo zaidi ya wa mbele, na kushoto kulingane na kulia. Usawa wa pande mbili ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Chuma_Kuukuu

Wakuu, na dada BiUsukani, asanteni sana. Narudi na mrejesho baada ya Jumamosi tatu.

Tairi za nyuma zimeandikwa 1109. Wiki ya 11 ya 2009! Za mbele ni za 2018. Nimebadilisha zote nne kwanza, na nusu ya ule mnyumbuko wa nyuma uliondoka hapohapo, kabla sijafungua nati hata moja.

Raba za kugongea hazikuwepo mbele. Nilipotoa kifuko cha vumbi upande wa kulia ilianguka pete moja ya povu, pana kama kidole, na unga. Nimefunga KYB nne, raba mpya, springi zilezile. Ile "ko!" imekwisha. Nimepita tuta lilelile mara sita jana, nikarudi nikapita tena, nasikia "dup" laini tu chini kabisa.

Linki za mbele zilikuwa na mchezo, nimebadilisha. Bushi nilizozikuta zimekufa ni nne, mbili za mkono wa chini nyuma kushoto, ndiko ulikotoka ule mlio wa asubuhi, na mbili za mbele. Za mbele nimeshapeleka presi zikaingia, nikakaza kwa kipimo cha futi.

Nyuma kushoto ndipo niliposimama. Boliti moja ya ekisentriki imegoma. Siku tisa za mafuta ya kutu, imezunguka robo, ikakwama tena. Nimeagiza boliti mpya mbili. Swali: nikikata, nikate bushi ikiwa na mkono kwenye gari, au kuna namna ya kuutoa mkono kwanza?

MtuWaSpana

Kata ukiwa kwenye gari, mkono hautoki boliti ikiwa mle. Ingiza msumeno kati ya bushi na masikio ya chesisi, pande zote mbili, na uweke bati jembamba upande wa sikio ili usilitafune. Ondoa kwanza waya wa breki na kitu chochote cha mpira kilicho karibu. Ikiwa imezunguka robo, jaribu kwanza kuirudisha nyuma na mbele, robo kwa robo, huku unapuliza, kwa nusu saa. Yangu moja ilikubali hivyo, ikatoka na vumbi jekundu la kutu.

Chuma_Kuukuu

Sawa mkuu. Kesho asubuhi naanza na hiyo ya robo kwa robo. Msumeno utakuwa pembeni.