Kipenu cha karavani: tununue kipi, na kinasimamishwaje?

Kutoka kwa: Mama Pacha, Coventry

Assalaam alaikum, na habari zenu nyote.

Mume wangu amenunua karavani iliyotumika, ile nyumba ya kukokotwa na gari, ya vitanda vinne. Sisi tuko sita: mimi na yeye, pacha, kaka yao wa miaka kumi na mmoja, na mama mkwe aliyetoka Tanga, ambaye tuko naye mpaka Septemba. Mwezi wa nane tunataka kwenda Pembrokeshire, Wales, wiki nzima, mama aione bahari ya huku. Bila kipenu, yaani hema la kufunga ubavuni, hatuenei, hilo nimeshaliona.

Nimempata mtu anauza kimoja cha fito, kile kirefu cha ubavu mzima, kwa pauni 180. Anasema kinaingia karavani zote za vitanda vinne. Je, ni kweli? Na hivi vya kujaza upepo, ambavyo watoto wanaviita oningi za hewa, vinafaa au vinapasuka? Mwenye uzoefu naomba anielekeze kabla sijatoa hela.

Kutoka kwa: Mzee wa Leicester

Wa alaikum salaam, mwanangu. Usitoe hela bado.

Hakuna kipenu kinachoingia karavani zote za vitanda vinne. Karavani mbili zenye vitanda sawa zinaweza kupishana hata nusu mita kwenye reli, ule mfereji wa ubavuni ambamo kipenu huingizwa. Nalisema hili kwa uchungu, maana mwaka wangu wa kwanza nilinunua cha mkononi, yaani kilichotumika, kwa kukadiria kwa macho, na muuzaji akanihakikishia kitakaa. Tulifika Anglesey jioni, tukakivuta kwenye reli, kumbe kimezidi karibu sentimita hamsini. Pembeni kitambaa kililala chini kama kanga iliyoanuliwa vibaya, na juu kikafanya bonde. Usiku mvua ikanyesha, bonde likajaa maji, saa tisa alfajiri ufito mmoja ukakunjika. Mke wangu na mimi tulisimama gizani tukisukuma maji kwa ufagio mpaka kukapambazuka.

Kwa hiyo anza na kipimo. Ukiitazama karavani ubavu wa mlango utaona reli nyembamba ya alumini inayopanda kutoka chini nyuma, inapita juu ya mlango na madirisha, kisha inashuka mbele. Simamisha karavani mahali tambarare, uisawazishe. Chukua kamba isiyovutika. Mtu mmoja aishike chini kabisa, ikigusa ardhi chini ya ncha moja ya reli. Mwingine aifuate reli yote mpaka upande wa pili, ashuke nayo mpaka ardhini. Hapo weka alama, uilaze kamba chini na uipime kwa futi ya fundi. Andika kwa sentimita. Vipenu vya ubavu mzima huuzwa kwa kipimo hicho, mara nyingi kwa hatua za sentimita 25: 951 hadi 975, 976 hadi 1000, na kuendelea. Pimeni mara mbili. Kama gurudumu moja limezama kwenye nyasi, kipimo kitawadanganya.

Kijitabu cha karavani huwa kinataja namba hiyo pia, lakini mimi naamini kamba.

Sasa, je, mnahitaji cha ubavu mzima? Kipo kile kifupi ambacho mimi nakiita kibaraza: kinashika sehemu ya juu tu ya reli, na pembeni kinajibana kwenye ukuta wa karavani. Hivi huuzwa kwa upana, tuseme sentimita 260, 330 au 390, na kwenu kipimo muhimu ni kimo cha reli kutoka ardhini, ambacho vingi vinataka kiwe kati ya 235 na 250. Uzuri wake ni kwamba ukihama kutoka karavani moja kwenda nyingine unaweza kuhama nacho. Ubaya ni kwamba pale kinapojibania pasiwe na dirisha, mlango wa sanduku la vitu wala taa, vinginevyo upepo na maji vinapita. Nendeni na futi mkaangalie ukuta wenu kabla ya kuchagua upana.

Kwa watu sita ningechukua kibaraza cha 390, au kikubwa cha ubavu mzima kama mtakaa sehemu moja wiki mbili na zaidi. Kikubwa ni nyumba hasa, lakini ni kizito, na kukisimamisha siku ya kwanza huchukua zaidi ya saa moja. Vingi vinakubali chumba cha kulala kinachofungwa kwa zipu pembeni. Mpeni kijana wa miaka kumi na mmoja chumba hicho, atajiona mfalme. Mama mkwe alale ndani ya karavani, kwenye kitanda cha kudumu karibu na choo. Usimlaze mtu mzima chini kwenye umande.

Kuhusu kitambaa: poliesta ni nyepesi na bei yake nafuu, inakauka upesi, lakini inatoa jasho, asubuhi utakuta matone dari nzima, udhani inavuja. Akriliki inapumua na inavumilia jua miaka mingi, ila ni nzito na ghali. Kwenye maelezo utaona namba ya milimita, mfano 3000 au 6000. Huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaistahimili kabla ya kupenyeza. Namba kubwa ni nzuri, lakini mshono ambao haukuzibwa kwa utepe unavuja hata kama kitambaa ni cha 10,000. Ukienda kununua, pindua uangalie mishono kwa ndani.

Uzito mwisho. Karavani ina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibati chake karibu na mlango, na kipenu kikubwa cha fito za chuma ni kilo thelathini na kitu au zaidi. Kinahesabika. Wakati wa safari kiwekeni sakafuni juu ya ekseli, yaani usawa wa magurudumu. Msikiweke nyuma kabisa, maana karavani yenye mzigo nyuma inayumba barabarani.

Kutoka kwa: Fundi wa Rotterdam

Shukran mzee, umeeleza vizuri. Niongeze kidogo juu ya vile vya hewa, maana huku nashona na kukarabati maturubai na naletewa vingi.

Dada, havipasuki ovyo kama watu wanavyosema. Ndani ya kila mrija mna mfuko wa plastiki laini, na nje mna ganda la kitambaa kigumu. Vinavyoharibika naletewa kwa sababu tatu. Mtu amejaza kupita kiwango kilichoandikwa kwenye vali, kisha jua likawaka mchana na hewa ikatanuka. Au amekikunja na kokoto ndani. Au vali haikukazwa, na huyo hana tatizo lolote, ameogopa tu. Ukiona mrija umelegea asubuhi, kwanza kaza vali zote. Hewa ikipoa usiku shinikizo linashuka, hiyo ni kawaida. Ukiendelea kulegea, fungua zipu ya ganda, toa mfuko, upake maji ya sabuni; povu litakuonyesha tundu. Kiraka kinakaa pale pale, na mfuko mzima unaweza kununuliwa peke yake.

Tumia pampu iliyokuja nacho, yenye geji ya kuonyesha shinikizo. Ya baiskeli haifai, inatoa hewa kidogo mno.

Fito zina faida yake: ukivunjika mmoja unaendelea na mingine, na upepo wa pwani fito za chuma zinaustahimili. Lakini kama kazi mtafanya wawili tu, na watoto wanalia njaa, cha hewa kitawaokoa. Dakika ishirini kimesimama.

Cha mkononi si kibaya. Ila mwambie muuzaji akisimamishe mbele yako. Nusa. Kikinuka uvundo, kilikunjwa kikiwa kimelowa, na ukungu ukishaingia kwenye nyuzi hautoki. Vuta zipu zote mpaka mwisho. Angalia pindo la juu, lile lenye kamba ndani linaloingia kwenye reli: likiwa limechanika, hapo ndipo uzito wote unaponing'inia.

Kutoka kwa: Muuguzi, Southampton

Nimesoma yote na sijaona mtu amelitaja jiko, nami siwezi kunyamaza.

Dada yangu, najua mtapeleka mishkaki, na najua Pembrokeshire itanyesha. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kipenu hata kwa dakika moja. Wala mlango ukiwa wazi. Wala likiwa limeshazimika, kwa sababu mkaa unaoonekana majivu bado unatoa kaboni monoksaidi kwa saa nyingi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu. Inaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu anadhani ni uchovu wa safari, analala. Hapa Uingereza familia zimepoteza watu namna hii kwenye mahema na vipenu, wengine walikuwa wameingiza jiko ili wapate joto tu.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, kimoja ndani ya karavani, kingine pale mtoto anapolala. Angalia pia tundu la moshi wa hita ya karavani liko ubavu gani. Likitokea ndani ya kipenu, msiwashe hita kipenu kikiwa kimefungwa. Chai ya mama pikeni kwenye jiko la karavani, dirisha likiwa wazi.

Kutoka kwa: Mzee wa Leicester

Ahsante sana binti yangu, hilo lilipaswa kutangulia yote.

Nimalizie kusimamisha. Viwanja vingi vinataka mita sita kati ya karavani na karavani, na kipenu kisiimeze nafasi hiyo. Kwa hiyo mkifika muulizeni msimamizi mlango uelekee wapi. Kama mnaweza kuchagua, upepo upige mgongo wa karavani. Sawazisheni kwanza, vizuizi kwenye magurudumu, miguu ya pembeni chini. Ukisimamisha kipenu kabla ya kusawazisha, zipu hazitakutana.

Kabla ya kugusa kitambaa, futa reli kwa kitambaa kibichi, kisha pulizia silikoni. Halafu tazama mdomo wa reli, pale pindo linapoingilia. Mara nyingi umebanwa na una makali kama ya kopo la maziwa. Utanue kidogo kwa bisibisi bapa, usugue makali kwa msasa. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayookoa pindo lisichanike.

Sasa mnahitaji watu watatu. Mmoja anakaa kwenye mdomo wa reli, analilisha pindo kwa vidole, taratibu, akilinyoosha. Wa pili anavuta mbele. Wa tatu yuko katikati juu ya kigoda, amebeba uzito wa kitambaa mabegani ili kisiburute. Anayevuta asivute mpaka anayelisha aseme vuta. Likikwama msilazimishe, rudisheni kiganja kimoja, kuna mkunjo umeingia. Kijana wenu anafaa sana kwenye kazi ya kulisha, vidole vyake vyembamba.

Likishafika, liweke sawa kulia na kushoto. Jaza hewa au pachika fito. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, funga milango yote kwa zipu kabla ya kupiga kigingi chochote. Ukipiga vigingi milango ikiwa wazi, jioni haitafungika. Anza na pembe mbili zilizo karibu na karavani, halafu za mbele, halafu katikati. Kigingi kiinamishe, kichwa kikiangalia nje, mbali na kipenu. Vile vyembamba vinavyokuja ndani ya mfuko ni vya nyasi laini. Nunueni dazeni ya vigumu vya kupiga kwenye mawe, na mikanda ya dhoruba, ile ya kukaza kipenu wakati wa upepo. Pazia la chini ya karavani na kizibo cha gurudumu ndivyo vinavyozuia baridi ya miguuni. Sakafu iwe ya wavu unaopitisha hewa, maana viwanja vingi havikubali turubai la plastiki, linaua nyasi.

Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku, ikitoa onyo la upepo, hata la njano ambalo ni la chini kabisa, mimi nashusha. Kusimamisha upya ni kazi ya saa moja. Siku ya kuondoka kikiwa kimelowa, kunjeni hivyo hivyo, lakini mkifika nyumbani kitandazeni siku hiyo hiyo, hata kama ni sebuleni juu ya viti.

Kutoka kwa: Mama Pacha, Coventry

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote.

Tulipima jana jioni, mara mbili kama ulivyosema. Kamba ya kwanza 984, ya pili 986. Nikampigia muuzaji nikamuuliza chake ni namba ngapi, akaenda kuangalia kwenye kibandiko: 1050. Nimemshukuru nikakata simu.

Tumechukua kibaraza cha hewa cha 390 chenye chumba cha pembeni. Kimo cha reli yetu ni 241. Tulipoukagua ukuta, upande mmoja ungeangukia nusu ya sanduku la mtungi wa gesi, kwa hiyo tutakisogeza nyuma sentimita kumi na tano, na hapo ukuta uko wazi kabisa. Ving'ora viwili vimefika leo. Jumamosi tunakisimamisha hapa kwenye nyasi za nyuma kwa majaribio, na mama ameshasema kazi ya kulisha pindo ni yake. Amefuma ukili miaka arobaini. Anasema hakuna kijana atakayemwonyesha namna ya kushika pindo.