Naomba ushauri: rafiki yangu wa utotoni anasema hatukuwa marafiki, alikuwa kibarua wa kwetu

MtuWaUkungu:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba busara zenu. Wa kunisema nisemeni, ila mama yangu mwacheni.

Nimekulia Rungwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kule ambako ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia ndani, migomba na shamba la viazi. Kuanzia darasa la tatu mpaka la saba tuliishi na jamaa mmoja wa rika langu. Mama yake alikuwa mjane, anasali kanisa moja na mama. Tulilala kitanda kimoja, tulikula sahani moja. Mwanangu wa kwanza nimempa jina lake.

Wiki iliyopita kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu nikaweka picha yetu ya 1998, tumeshikana mabega mbele ya zizi. Nikaandika "Mapacha". Watu wakamwaga makopakopa. Yeye akajibu: "Tazameni miguu."

Nikaikuza. Mimi nina raba na soksi. Yeye yuko pekupeku, tope limempanda mpaka kwenye ugoko, na mkono ambao haukunishika umebeba mundu.

Nikamfuata pembeni. Kasema hana ugomvi na mimi, ila nisimwite pacha mbele za watu, kwa kuwa kwetu alikuwa kibarua asiye na mshahara. Nikampigia mama, akalia. Anasema yule mtoto aliletwa na mama yake mzazi, akapokelewa, akanunuliwa sare na madaftari, akalipiwa ada, maana ada ya shule za msingi ilikuwa bado haijafutwa. Anataka nimjibu kulekule grupuni, kila mtu asome. Nifanyeje?

KiaziMviringo:
Grupuni usijibu kitu. Ukijibu tu, watu arobaini wanakuwa mahakimu.

Mama_Parachichi:
Mimi namtetea mama. Nani Rungwe hakukata majani? Mimi mtoto wa kuzaa kabisa nilikuwa naamka saa kumi na moja nakata majani ya guatemala, namwekea ng'ombe, ndiyo naenda shule. Kibarua wapi hapo! Huyo jamaa kapata maisha, sasa anatafuta wa kumlaumu.

Dereva wa Kyela:
Mama_Parachichi, wewe ulikuwa unakata majani ya ng'ombe wa kwenu. Mleta uzi, wewe ulikuwa unakata?

MtuWaUkungu:
Hapana. Nilikuwa na pumu, baridi ya alfajiri ilikuwa inanibana kifua. Mama hakuruhusu nitoke nje kabla ya jua, wala nikanyage umande. Raba ni kwa ajili hiyo. Jioni nilikuwa namsaidia kubeba.

Dereva wa Kyela:
Na yeye alilijua hilo?

Binti_Makete:
Ngoja niseme, maana nimewahi kuwa huyo mtoto, nililelewa Njombe mjini kwa watu. Mtoto wa pale nilimpenda kweli. Tulicheka mpaka tukafukuzwa sebuleni. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni yeye anaitwa akaoge maji ya moto, mimi naitwa nikasonge ugali. Nguo zangu zilikuwa zake za mwaka jana. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana, na mama wa pale hadi leo namtumia hela ya sukari. Ila siku yule rafiki yangu aliposema ukumbini kwenye harusi yangu kwamba "tulilelewa sawa", nilitamani kumnyang'anya maiki. Kwa hiyo jamaa yako hasemi hukuwa rafiki. Kachoka kusimuliwa maisha yake na mtu aliyekuwa amevaa raba.

MzeeWaRika:
Vijana, salaam. Zamani sisi Wanyakyusa tulikuwa na vijiji vya rika. Wavulana wakifika miaka kumi hivi wanahama kwa wazazi, wanajenga vibanda vyao pamoja. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo wote wako kwa mama huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyelishwa upande mmoja tu. Sasa mwanangu, miaka yote hiyo, wewe ulikula kwa mama yake mara ngapi?

MtuWaUkungu:
Shikamoo mzee. Sikuwahi. Wala sikumbuki kukatazwa. Likizo alikuwa anaenda peke yake.

Mama_Parachichi:
Mzee naye, mjane angemlisha nini huyo mtoto?

MzeeWaRika:
Marahaba. Hata ndizi ya kuchoma, mama. Angemlisha ndizi ya kuchoma.

MtuWaUkungu:
Mrejesho. Nimempigia jana usiku, tumeongea karibu saa nzima. Habari ya pumu hakuijua. Yeye alikuwa anasikia tu "ana kifua", akajua nadekezwa. Nilivyomweleza akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, lakini majani nilikata mimi." Sikubishana naye. Jina nililompa mwanangu analijua siku nyingi, kumbe lilimfurahisha, hakupenda tu kuniambia. Mama yake bado yuko hai, anakaa naye Uyole. Jumamosi nimekaribishwa chakula cha mchana. Sharti lake moja: nisiende na mama.

KiaziMviringo:
Nenda, na usiende mikono mitupu, mbebee bibi hata kitenge. Ila mama yako mwambie mwenyewe kabla ya Jumamosi, asije akaisikia grupuni.