Skii za kroskantri Snoqualmie Pass, sijawahi hata kuzigusa, nianzie wapi?

mtu_wa_tanga
Wakuu habari za saizi. Niko Kent huku Washington, na kila ikifika Januari jamaa wa kazini wanapandisha milimani Snoqualmie wikendi wanarudi wanasimulia wiki nzima. Zile za kushuka mlima kama umefukuzwa sitaki kuzisikia, magoti bado nayahitaji, ila nasikia kuna hizi kroskantri unatembea nazo sehemu tambarare. Wife anasema tukienda watoto wote wanaenda, wa 6 na wa 9. Sasa tunaanzia wapi hapo juu, tunavaa nini, na kagari kangu ka kawaida si 4WD katafika kweli?

baba_wawili
Karibu sana mkuu. Nenda Hyak Sno-Park (Sno-Park ni parking ya jimbo ya watu wa michezo ya theluji), unatoka barabara kuu ya I-90 kwenye exit 54, achana kabisa na upande wa zile lifti za watu wa kushuka mlima. Uzuri wa Hyak ni kwamba njia yenyewe ilikuwa reli ya kampuni ya Milwaukee Road, treni ziliacha kupita 1980 na sasa ni njia ya hifadhi ya jimbo inaitwa Palouse to Cascades, na treni unajua haipandi mlima mkali kwa hiyo inakwenda taratibu kando ya ziwa Keechelus hata huhisi mwinuko. Mashine inapita kulainisha theluji halafu inachora vijifereji viwili, unatia skii humo zinakaa zenyewe, mwanzoni utaona raha yake. Ila ukiwa kwa miguu usivikanyage, watu watakununia na wana haki. Handaki lililo upande wa pili wanalifunga msimu wa baridi, usipange kulipita.

Kibali usisahau. Kuna cha Sno-Park, na ukichukua cha msimu mzima kwa Hyak unaongezea stika ya njia zilizolainishwa. Nunua kwenye intaneti kabla hujatoka nyumbani. Na hapohapo kuna kilima cha watoto kuteleza na sledi, wakichoka skii (watachoka) unawapeleka huko.

da_rehema
Nguo jamani nguo!! Jinzi acha nyumbani, na tisheti ya pamba pia, pamba ikilowa jasho haikauki na ukisimama tu unaanza kutetemeka. Theluji ya huku ni nzito ya majimaji, siku nyingine juu kule inanyesha mvua kabisa. Vaa ya ndani ya sufu au poliesta, juu yake sweta jepesi, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Watu wetu wanakosea kuvaa manguo mazito kama wanaenda kusimama stendi usiku, baada ya dakika kumi wanafungua zipu zote. Unatakiwa uanze ukisikia kibaridi kidogo. Glavu beba pea mbili kwa kila mtoto.

Skii kodisha, omba za klasiki zenye magamba chini ndo hazirudi nyuma ukipanda, hizo hazihitaji nta. Kiatu kinashikwa kwa mbele tu, kisigino kiko huru, utashangaa. Ukianguka, na utaanguka, lala ubavu kwanza, panga skii zote mbili upande mmoja sambamba, piga magoti ndo unyanyuke. Ukijaribu kunyanyuka skii zimepishana utabaki hapo mpaka watu wakuonee huruma 😂

kip254
Mimi ningesema lipia somo moja. Kufunga breki ukiwa unateleza ndio shida, ncha zinakaribiana mbele, visigino nje, goti umekunja, na hiyo ukijifunza kwa Youtube unaishia kwa mti. Na wasikwambie Mwafrika hawezi, Philip Boit wetu wa Kenya alikimbia kilomita 10 za skii Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho, na bado Bjørn Dæhlie, yule Mnorwe aliyeshinda, alimngoja pale finish amkumbatie. Boit akaenda akamwita mtoto wake Dæhlie.

baba_wawili
Somo ni hela yako kip, ila Hyak hakuna mteremko wa kukupeleka kwa mti. Mtu ajaribu kwanza, akipenda ndo alipie.

dereva_I90
Swali la gari naona mmeliruka. Mimi napita hapo na lori. Kibao kikisema cheni ni lazima kwa magari yote isipokuwa ya kuvuta magurudumu yote, wewe unafunga cheni au unageuza, hakuna kubembeleza. Kwa hiyo nunua cheni za saizi ya tairi zako, fanya mazoezi ya kuzifunga nyumbani kukiwa kukavu maana kuzifunga gizani vidole vimekufa ganzi si mchezo. Asubuhi kabla hujatoka fungua ukurasa wa WSDOT, idara ya barabara ya jimbo, wa hali ya pass, kuna na kamera. Kent kunaweza kuwa mvua tu na juu pale, kama mita 920, wanafunga barabara. Nenda mapema, parking inajaa, na Jumapili jioni kurudi ni foleni.

mtu_wa_tanga
Nimeelewa, asanteni sana. Cheni nafuata kesho. Da Rehema, hizo za ndani za sufu za watoto unapata wapi bei ya binadamu?

da_rehema
Duka la mitumba, mwezi wa tisa kabla wazungu hawajaamka. Sasa hivi utapigwa.