Mada: Nguruwe pori wikiendi ijayo, na swali la sufuria

Kutoka: Mwanafunzi F-1

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo vipi.

Kuna jamaa ninasoma naye, mzawa wa hapa hapa Texas. Babu yake ana shamba, mwendo wa masaa mawili na nusu kwa gari, na nguruwe pori wamemchimbua malisho mpaka trekta linarukaruka kama liko kwenye mahandaki. Amenialika twende Ijumaa jioni, turudi Jumapili. Bunduki anazo, risasi anazo, mimi nibebe buti na tochi. Nilipomuuliza habari ya leseni akacheka, akasema nguruwe huku hana leseni, hana msimu, hana idadi. Nimepekua mtandaoni nikaona hasemi uongo.

Naomba kujua: nivae nini, nyama inasafirishwaje kwenye joto hili, na nani ana sufuria kubwa ya kuniazima? Mwenye sufuria ana mguu wake.

Kutoka: Kaka wa Houston

Marahaba mdogo wangu. Sufuria ninayo, ile inayozunguka kwenye misiba yetu, mbuzi mzima anaenea. Ila tuiweke pembeni kwanza, maana hayo ya leseni yamenishtua.

Rafiki yako hakudanganyi. Tangu Septemba 1, 2019, Texas haidai leseni ya uwindaji kwa anayepiga nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Lakini hiyo ni sheria ya jimbo, nayo inazungumzia nguruwe. Wewe shida yako ni bunduki, na bunduki ina sheria ya shirikisho. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, J-1 ya programu za kubadilishana, H-1B ya kazi au B ya matembezi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Milango ya kutokea ni michache, na ulio karibu na watu kama sisi ni huu: uwe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani, ambayo muda wake haujaisha. Umeona mtego ulipo? Raia haihitaji ile karatasi, kwa hiyo anakwambia kwa nia njema kabisa kwamba haihitajiki. Kumbe wewe ukishika bunduki bila hiyo karatasi, ni kosa la jinai.

Na "kuwa na bunduki" hapo si lazima uwe umeinunua. Ya kuazimwa, ya dakika tano, ya kwenye uwanja wa kulengea shabaha, zote zimo. Mwenye bunduki naye akikupa huku anajua hali yako ya uhamiaji, amejiingiza. Mwambie hilo mapema, asije akafikiri unamletea maringo.

Mimi mwenyewe 2021 nilikuwa H-1B. Nikaenda, nikapiga, nikapigwa picha nimekanyaga dume mguu mmoja kama mkoloni, nikairusha Facebook. Jumatatu mwenzangu mmoja kazini, naye wa viza kama mimi, akaniita pembeni ya mashine ya kahawa akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa na leseni. Sikuwa nayo. Picha niliifuta palepale nimesimama. Hakuna lililonipata, lakini miaka miwili iliyofuata kila nilipojaza fomu ya uhamiaji tumbo lilinikata. Kosa la bunduki likithibitishwa mahakamani linaweza kumwondosha nchini hata mwenye grinikadi, sembuse sisi.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. Nenda tovuti ya idara ya hifadhi na wanyamapori ya Texas, au duka lolote linalouza vifaa vya uvuvi na uwindaji. Aliyeishi Texas mfululizo zaidi ya miezi 6 anahesabiwa mkazi, na leseni ya mkazi mimi nililipia dola 25. Wa majimbo mengine wana ya siku 5, binamu yangu alilipa 48. Angalia tarehe: mwaka wa leseni unaisha Agosti 31, ukinunua Julai usiende nayo Oktoba ukadhani umejikinga. Ibebe mwilini, usiiache kwenye gari. Na kozi ya usalama wa uwindaji ipo mtandaoni. Ifanye. Hujawahi kushika bunduki, usijidanganye na sinema.

Wale ambao muda wao halali wa kukaa nchini umekwisha au hawana karatasi kabisa, leseni haiwaokoi. Waje tule pamoja, ila wasiguse hata boksi la risasi. Wanaosubiri majibu ya maombi ya hifadhi ya ukimbizi, muulizeni wakili wa uhamiaji kabla ya safari. Mimi si wakili, ni fundi wa viyoyozi.

Sasa mambo ya porini. Suruali nene, buti ndefu, soksi juu ya suruali: kupe wapo wa kutosha, na nyoka wa njuga hapendi kukanyagwa. Mtakaa kwenye dungu, kama lile la kulindia mahindi, tofauti ni kwamba hapa nguruwe anasubiriwa aje ale ndipo apigwe. Macho yake si makali, pua ndiyo balaa. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, pakieni mrudi. Usipake manukato, hata yale mafuta yako ya nywele yaache bafuni. Ukiona nguzo au mti umechorwa mstari wa rangi ya zambarau, hiyo Texas ni sawa na kibao cha "usiingie". Nguruwe aliyejeruhiwa akivuka hapo, msimfuate bila ruhusa ya jirani. Na usiku kwenye darubini ya joto, ile inayoonyesha joto la mwili gizani, ndama naye anang'aa. Ukiwa na shaka, kidole kisiguse kifyatulio.

Kutoka: Ami wa Dallas

Mimi mnanijua, simli. Lakini nilikwenda mara moja na watu wa kazini, kwa ajili ya maongezi na usingizi wa porini. Nikajisemea nitashika tochi tu. Saa sita usiku jike la kilo themanini limeangukia korongoni na wavutaji ni wawili, utasimama unatazama? Nikavuta.

Sasa sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii mnajua, palipoguswa na nguruwe na pana majimaji panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikajikosha mikono pale pale mferejini, udongo upo tele, nikadhani nimemaliza. Nafika nyumbani Jumapili, mama watoto anaangalia buti la gari, kuna damu kwenye zulia. Hakupiga kelele. Alileta ndoo na chepe akaviweka chini. Majirani Wamarekani walikaa barazani wakanitazama nikipaka gari udongo kwa uangalifu kama nasiriba nyumba.

Mdogo wangu, tandika turubai. Mawili.

Kutoka: Dada Muuguzi, San Antonio

Turubai sawa, lakini naomba tuzungumzie glavu. Nguruwe hawa wana bakteria wa brusela. Anaingia kwa mchubuko wa mkono, kwa damu iliyorukia jicho au mdomo, na hatari kubwa iko wakati wa kutoa matumbo, hasa mfuko wa uzazi wa jike. Vaa glavu za mpira zisizopitisha maji, mikono mirefu, miwani. Kisu kikikukata, acha, osha kwa sabuni na maji mengi, mwingine aendelee. Usile, usivute sigara, usijifute jasho usoni ukiwa kwenye kazi hiyo.

Kugandisha kwenye friza hakuui brusela. Moto ndio unaoua: ndani kabisa ya mnofu ifike nyuzi 71 za Selsiasi, ambazo kwenye vipimo vya huku ni 160. Nunua kipimajoto cha nyama, siyo kukisia kwa rangi. Zile habari zetu za kuonja mshikaki ukiwa bado na wekundu, kwa huyu hapana. Mbwa wa shamba wasipewe mabaki mabichi, kuna ugonjwa wa nguruwe ambao binadamu haumdhuru lakini mbwa unamuua.

Wiki kadhaa baadaye ukipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, usiseme ni mafua. Mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulichuna nguruwe pori. Daktari wa mjini hatakisia.

Jingine: uliza mwenye shamba kama yeye au jirani ametega sumu. Kuna chambo cha sumu cha nguruwe chenye rangi inayogeuza mafuta ya mnyama kuwa ya bluu. Ukipasua ukaona bluu, usile.

Kutoka: Mpenda Kitimoto, Austin

Nimewasoma wote. Swali langu ni fupi: kilo kumi bei gani?

Kutoka: Kaka wa Houston

Hauziwi mtu. Nyama isiyopita kwa mkaguzi haiuzwi, na huyu akipigwa shambani hajapita kwa mkaguzi yeyote. Akupe bure au ukale kwake. Na mtu asije na wazo la kukamata watoto wake hai akafuge nyuma ya nyumba, kusafirisha wazima bila kufuata masharti ni kesi nyingine.

Kutoka: Mwanafunzi F-1

Wakubwa, nimerudi salama.

Leseni nilinunua Alhamisi usiku. Nilipomweleza rafiki yangu alinyamaza kidogo, akasoma mwenyewe kwenye simu, kisha akamwita babu yake na kumsomea. Mzee akasema tangu azaliwe hajawahi kulisikia hilo. Ijumaa kabla ya kunipa bunduki akaniomba aione hiyo karatasi. Zaidi yake hakuna aliyeniuliza leseni wikiendi nzima.

Ijumaa hatukuona kitu, upepo uligeuka. Jumamosi tulipanda dunguni saa kumi na moja jioni. Mashine ya kumwaga mahindi ina saa ndani yake. Ilipolia krrr na punje kugonga bati nilishtuka nusura niangushe chupa ya maji. Baada ya hapo kimya, mbu, na mgongo kuuma. Giza lilipoanza kushika walikuja kwa sauti kabla ya kuonekana, mikoromo na vijiti kuvunjika, majike matatu na watoto wamepangana nyuma kama treni. Rafiki yangu akanigusa goti: yule wa kushoto, nyuma ya sikio. Nilisubiri mtoto apite mbele yake, akapita, akaja mwingine. Nikapiga. Jike dogo, kama kilo arobaini hivi, lilianguka palepale. Yeye baadaye alipata dume.

Kwenye dume ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanapenda majike. Harufu kwanza. Halafu begani, chini ya ngozi, kuna kitu kama soli ya kiatu, kigumu, kimeungana na ngozi. Babu anakiita ngao. Kisu changu cha jikoni kiliteleza juu yake mara mbili, Dada Muuguzi angeniona angezimia. Nilikuwa na glavu pea mbili juu ya nyingine. Mafuta yalikuwa meupe, niliangalia kwa tochi kila upande.

Barafu mifuko sita haikutosha, nunueni kumi, na mfungue kizibo cha chini cha kasha la barafu maji yatoke, nyama isiogelee. Turubai mawili yalisaidia. Ami, gari ni safi.

Kaka, sufuria naileta Jumamosi asubuhi. Mguu upo kwenye friza, umeandikwa jina lako. Mfuniko umepinda kidogo upande mmoja, nitakueleza nikifika.