Mama katolewa mfuko wa nyongo, majibu yamesema saratani. Kwa nini apasuliwe tena?

Kifungua Mimba
Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 67. Alisumbuliwa muda mrefu na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akila vya mafuta. Ultrasaundi ikaonyesha mawe, akatolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu, kesho yake tukarudi naye nyumbani. Tukajua yameisha. Wiki tatu baadaye tunaitwa: mfuko ulipimwa maabara, wamekuta saratani. Karatasi imeandikwa T2. Daktari anataka arudi mezani akatwe na kipande cha ini. Kilichokuwa na ugonjwa kimeshatoka, sasa ini limekosa nini? Na ni mawe yaliyoleta haya? Mama hajui bado. Kaka anasema tusimwambie.

Msafiri wa Usiku
Pole sana dada. Ila nimesikia saratani ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa. Fikirini kwanza.

Muuguzi Upasuaji
Pole dada yangu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, na saratani hii mara nyingi hugunduliwa hivyohivyo, mtu kaja kwa ajili ya mawe.

Hiyo T inaeleza kina. Ukuta wa mfuko wa nyongo una unene wa milimita chache tu. Saratani ikiwa bado kwenye utando wa ndani, haijagusa misuli, huitwa T1a, na hapo kuutoa mfuko kwa kawaida kunatosha. T2 maana yake imepita misuli. Sasa, mfuko umelala chini ya ini, umeshikana nalo. Daktari anayetoa mawe huubandua akipita katika tabaka lilelile ambalo T2 imefika, kwa hiyo mabaki yanaweza kuwa upande wa ini. Ndiyo sababu wanarudi kuchukua kipande kilichopakana nao, pamoja na matezi ya jirani. Matezi hayo ndiyo yatakayosema kama ugonjwa umetembea.

Kabla ya hapo apigwe siti skani ya kifua na tumbo. Ikionekana imeshasambaa, upasuaji huu haumsaidii, atatibiwa kwa dawa. Ulizeni pia kama mfuko ulipasuka nyongo ikamwagika wakati wa kuutoa, na kama kingo za pale mfuko ulipokatwa zilikutwa na saratani. Baada ya upasuaji, wengi hupewa vidonge vya capecitabine, dawa ya saratani, kwa miezi sita hivi.

Mawe: wengi wanaougua saratani hii wanayo, lakini wengi zaidi wenye mawe hawaipati kamwe. Usijilaumu.

Ndugu Msafiri, naomba tusimtishe. Kisichosubiri hapa ni ugonjwa wenyewe.

Mjukuu wa Fundi
Mimi naongelea hilo la kumficha. Baba yangu alikuwa na hii hii, yake ilichelewa kujulikana. Tulimficha. Macho yakawa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, usiku anajikuna mpaka shuka lina damu. Siku moja akaomba kioo, akajitazama macho kwa muda, akasema, "Kumbe mnanong'ona jikoni kwa ajili ya hili." Madaktari wakamwekea kibomba kufungua njia ya nyongo, mwasho ukapungua, akalala. Lakini ile miezi aliyokaa peke yake na hofu yake hatukuweza kumrudishia. Mwambieni mama, dada. Kaka yako naye awepo.

Kifungua Mimba
Asanteni sana, sikujua hata maana ya ile T. Nimemwambia mama leo asubuhi, kaka akiwa pembeni. Alinyamaza, akashika tumbo pale penye makovu, kisha akauliza kama yamepona vya kutosha kupasuliwa tena. Swali hilo nimeliandika la kwanza kwenye karatasi. Miadi ni Alhamisi, na anakwenda kuliuliza mwenyewe.